Umedahiliwa uzamili wa uhandisi kwa masharti: namna ya kumaliza kozi tangulizi bila kupoteza mwaka

Barua ya udahili imefika, na chini ya pongezi kuna aya nyingine: umekubaliwa kusoma uzamili wa uhandisi mradi ukamilishe kozi kadhaa za shahada ya kwanza, yaani kozi tangulizi. Aya hiyo huwapata zaidi waliosoma fizikia wakataka uhandisi wa umeme, waliosoma hisabati wakataka uhandisi wa kompyuta, wanakemia wanaohamia uhandisi wa kemikali, na hata wahandisi wanaobadili tawi. Ni sharti la kawaida na linatimizika. Wengi wanaokwama hukwamishwa na kalenda kuliko ugumu wa masomo. Kozi hizi zimefungamana, moja huisubiri nyingine, na ukiikosa ya mwanzo umezikosa na zote zinazoifuata. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu ya mpangilio, na kazi yenyewe inaanza siku unapoipokea barua, kabla hujakanyaga chuoni.

Hatua ya 1: Isome barua neno kwa neno, kisha uliza yaliyokosekana

Tenganisha kwanza mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna sharti la udahili: usipolitimiza ndani ya muda uliowekwa, nafasi yako yenyewe inaweza kufutwa. Kuna pia sharti la kozi: huruhusiwi kujiandikisha kwenye kozi fulani ya uzamili kabla ya kumaliza nyingine, lakini nafasi yako chuoni iko salama. Barua moja inaweza kuwa na yote mawili, na mpango wako utategemea lipi ni lipi.

Halafu tafuta majibu ya haya. Kozi zimetajwa kwa majina na namba, au imeandikwa tu kwamba idara itaelekeza? Mwisho ni lini: kabla ya muhula wa kwanza, ndani ya mwaka wa kwanza, au wakati wowote kabla ya kuhitimu? Alama ya chini ni ipi? Vyuo vingi vya Marekani humtaka mwanafunzi wa uzamili awe na wastani wa 3.0, yaani B, kwa hiyo C inayompitisha mwanafunzi wa shahada ya kwanza huenda isikutoshe wewe. Je, alama za kozi hizi zitaingia kwenye wastani wako? Krediti zake zitahesabika katika shahada? Kwa kawaida hazihesabiki, lakini uliza. Na nani hasa anayetia saini kwamba umemaliza?

Mwandikie mratibu wa uzamili wa idara yako ujumbe mmoja mfupi, kwa lugha ya chuo. Unaweza kwenda hivi:

“Kwa Mratibu wa Uzamili. Nashukuru kwa nafasi niliyopewa. Barua yangu ya udahili inanitaka nikamilishe Sakiti I, Ishara na Mifumo, na Elektroniki. Naomba kufahamishwa mambo manne: alama ya chini inayokubalika kwa kila kozi, tarehe ya mwisho, kama naruhusiwa kusoma Sakiti I katika chuo kingine wakati wa likizo, na kama kozi ya Milinganyo Tofautishi niliyoisoma katika shahada ya kwanza inakidhi hitaji la hisabati. Nimeambatisha nakala ya matokeo na muhtasari wa kozi hiyo. Natanguliza shukrani.”

Ukijibiwa kwa simu au ana kwa ana, andika barua pepe siku hiyohiyo ukirudia ulichoambiwa na kuomba uthibitisho. Waratibu hubadilika, na anayekuja baada yake atafuata kilichomo kwenye faili.

Hatua ya 2: Chora mnyororo wa kozi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Fungua kitabu cha kozi cha chuo, andika kila kozi uliyopewa, kisha chini yake andika kozi inazozitaka zenyewe, na chini ya hizo tena, mpaka ufike kwenye kitu ulichokwisha kukisoma. Barua ya udahili mara nyingi hutaja ncha za juu tu. Ukiambiwa usome Ishara na Mifumo, huenda ndani yake kuna Sakiti I na II ambazo hazikutajwa, na chini ya Sakiti kuna milinganyo tofautishi.

Mnyororo wa uhandisi wa umeme huenda hivi: kalkulasi, kisha milinganyo tofautishi na aljebra ya matriki, kisha sakiti, kisha ishara na mifumo, na baada ya hapo ndipo milango ya udhibiti wa mifumo, mawasiliano ya kidijitali na uchakataji wa ishara inapofunguka. Mpangilio huu una sababu yake. Mkondo unaopita kwenye kapasita unategemea kasi ya kubadilika kwa volteji yake, kwa hiyo sakiti yenye kapasita na koili inakuletea mlinganyo tofautishi papo hapo. Kozi ya ishara na mifumo inauchukua mlinganyo huo na kuugeuza kuwa aljebra kwa njia ya Laplace. Anayeingia hapo bila kujua mlinganyo ulikotoka atakariri majedwali kwa wiki chache, kisha ataachwa darasa likisonga.

Kwenye uhandisi wa mitambo mnyororo una matawi mawili. Tawi moja ni statiki, kisha uimara wa maada na dinamiki. Huwezi kukokotoa mkazo ndani ya boriti kabla ya kujua nguvu zinazoishikilia zimesawazikaje. Tawi la pili ni themodinamiki, mekanika ya viowevu, kisha uhamishaji joto, ambao unazihitaji zote mbili za kabla yake kwa sababu joto linalobebwa na hewa au maji yanayotembea haliwezi kuelezwa bila kujua mwendo wa kiowevu chenyewe. Uhandisi wa kemikali una lango moja kubwa: mizania ya maada na nishati. Karibu kila kozi ya mbele inapitia hapo, ikiwemo ya usanifu wa vinu vya mmenyuko wa kemikali. Uhandisi wa kompyuta unaanza na kuandika programu, unapita miundo data, unafika algoriti. Pembeni yake hisabati diskriti, na upande mwingine muundo wa kompyuta unaoelekea kwenye mifumo endeshi.

Ukishachora, hesabu mihula kwenye njia iliyo ndefu kuliko zote. Hiyo ndiyo inayoamua utamaliza lini. Kozi tano zisizotegemeana unaweza kuzimaliza kwa mihula miwili, ilhali kozi tatu zilizofuatana zitakula mihula mitatu hata ukiwa na akili kiasi gani.

Sasa angalia jambo ambalo halionekani kwenye mchoro: kila kozi inafundishwa muhula gani? Kozi nyingi za mwaka wa tatu hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ikiwa Sakiti I iko muhula wa kwanza na ishara na mifumo iko wa pili, kuchelewa kujiandikisha wiki mbili za mwanzo kunakugharimu mwaka mzima. Tazama ratiba za miaka miwili iliyopita uone mazoea ya idara, halafu mwulize mratibu kama mwaka ujao utakuwa hivyohivyo. Uliza pia ni kozi zipi zinaruhusiwa kusomwa sambamba. Wakati mwingine mhadhiri anakubali usome ya pili huku ya kwanza ikiendelea, na ruhusa hiyo moja inaufupisha mnyororo kwa muhula mzima.

Hatua ya 3: Omba kusamehewa unachokijua kweli

Kamati ya udahili imesoma majina ya kozi kwenye nakala ya matokeo yako, na majina huficha mengi. Kozi iliyoitwa Fizikia ya Kihisabati inaweza kuwa na milinganyo tofautishi, mfululizo wa Fourier na aljebra ya matriki, lakini asiyekuwepo darasani hawezi kuyajua hayo. Kazi ya kumwonyesha ni yako.

Tafuta muhtasari wa kila kozi uliyosoma inayokaribiana na inayotakiwa: mada, idadi ya saa, kitabu kilichotumika, namna ya upimaji. Kama chuo chako cha zamani hakikuuchapisha, omba kwa idara, na omba mapema. Kisha tengeneza jedwali la safu mbili. Kushoto weka mada za kozi wanayoitaka kama zilivyo kwenye muhtasari wao. Kulia, mahali ulipoisoma kila mada na alama uliyopata. Mada usiyoisoma acha wazi. Nafasi iliyoachwa wazi kwa uaminifu inasaidia kuliko maneno ya kuijazia, kwa sababu mhadhiri anaweza kukwambia usome sura mbili tu badala ya kozi nzima.

Uamuzi mara nyingi ni wa mhadhiri anayeifundisha kozi hiyo au mratibu wa uzamili; ofisi ya msajili huandika tu kilichoamuliwa. Baadhi ya idara hukupa mtihani wa kupimwa, ukifaulu unasamehewa. Uzoefu wa kazini peke yake ni nadra kukubaliwa, ingawa ripoti ya kiufundi uliyoiandika mwenyewe, yenye mahesabu yanayoonekana, huipa hoja yako uzito.

Lakini kabla ya kuomba, jipime. Tafuta mtihani wa mwisho wa kozi hiyo wa miaka iliyopita, kaa chini na saa, bila kitabu. Ukiumaliza vizuri, omba kusamehewa bila wasiwasi. Ukikwama katikati, isome kozi, hata kama makaratasi yako yanatosha kukuokoa. Nasema hivi hasa kuhusu hisabati. Kusamehewa aljebra ya matriki uliyoisoma miaka minane iliyopita kunapendeza siku ile barua inapotoka, na kunauma sana mwalimu wa udhibiti wa mifumo anapoanza kuzungumzia thamani aijeni (eigenvalues) za matriki kana kwamba kila mtu alizaliwa nazo.

Hatua ya 4: Chagua pa kusomea

Njia isiyo na maswali ni kusoma kwenye chuo chako kipya, pamoja na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Alama zinaingia moja kwa moja, na unawazoea wahadhiri watakaokufundisha baadaye. Tatizo ni ada, ambayo huenda ikatozwa kwa kiwango cha uzamili hata kwa kozi ya mwaka wa pili.

Njia ya pili ni chuo kingine kinachotambulika, kabla hujaanza au wakati wa likizo ndefu, kama mwanafunzi wa kozi mojamoja. Marekani, vyuo vya jumuiya hufundisha masomo ya miaka miwili ya mwanzo kwa ada ndogo: kalkulasi, fizikia, statiki, mara nyingine sakiti. Kozi za mwaka wa tatu na wa nne kwa kawaida huzipati huko. Sharti moja: pata idhini ya maandishi ya kozi hiyohiyo, kwa namba yake, kabla ya kulipa. Ukisoma kwanza ukaomba baadaye, umeiacha ada yako mikononi mwa mtu usiyemdai chochote.

Kozi za bure mtandaoni nazipenda, mradi uzitumie kwa kazi yake. MIT OpenCourseWare ina mihadhara, mazoezi na mitihani ya kozi nyingi za uhandisi, lakini haitoi krediti wala cheti. NPTEL, inayoendeshwa na taasisi za teknolojia za IIT za India pamoja na taasisi ya sayansi ya IISc, ina mitihani ya kusimamiwa na vyeti. Bado ni idara yako itakayoamua kama cheti hicho kinatosha. Vitumie kujiandaa na kuziba mapengo. Kwa kozi zenye maabara, kama elektroniki, uwe na tahadhari zaidi, maana idara nyingi hukataa kozi isiyo na kazi ya vitendo.

Zipo pia programu zilizojengwa kwa ajili ya watu wa namna hii. Boston University ina LEAP, inayowachukua wenye shahada zisizo za uhandisi na kuwapitisha kwenye kozi za msingi hadi uzamili. Uholanzi vyuo vina mwaka au nusu mwaka wa maandalizi kabla ya uzamili. Ujerumani ni kawaida kudahiliwa huku ukipewa orodha ya kozi za nyongeza za kumaliza mapema. Mfumo wa krediti za ECTS unaotumika Ulaya unakurahisishia hesabu: krediti 60 ni mwaka mzima, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Ukipewa nyongeza ya krediti 15, umeongezewa saa 375 hadi 450, na hizo lazima zitoke mahali fulani kwenye mwaka wako.

Hatua ya 5: Hakikisha fedha na viza haviguswi

Fanya hivi kabla ya kujiandikisha. Ufadhili mwingi hulipia kozi zinazohesabika katika shahada, na kozi tangulizi kwa kawaida hazimo. Waulize wafadhili swali la wazi: je, mtalipia kozi za shahada ya kwanza zilizowekwa kama sharti la udahili? Ambatisha barua ya udahili, maana maneno “sharti la udahili” mara nyingi ndiyo yanayobadilisha jibu. Kama mnyororo wako unaongeza muhula kwenye muda wa ufadhili, waeleze sasa. Kuomba nyongeza ya miezi sita mwanzoni, ukiwa na mchoro mkononi, kunasikilizwa. Kuiomba fedha zikiwa zimekwisha ni shida.

Mwanafunzi wa kigeni ana jambo la ziada. Marekani, mwenye viza ya F-1 lazima asome kwa kiwango cha muda wote kila muhula wa kawaida, na kozi ya mtandaoni inayohesabika katika kiwango hicho ni moja tu, isiyozidi krediti tatu. Kwa hiyo usiiache kozi, wala usihamishie kozi mtandaoni, kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Waulize pia kama kozi za shahada ya kwanza zinahesabika kwenye kiwango chako.

Hatua ya 6: Panga mihula, kisha soma

Mchukulie aliyesoma fizikia akaingia uhandisi wa umeme, akapewa Sakiti I, Ishara na Mifumo, Mifumo ya Kidijitali, na Elektroniki. Hisabati anayo. Likizoni kabla ya kuanza, anasoma Sakiti I kwenye chuo kilichoidhinishwa. Muhula wa kwanza anachukua Ishara na Mifumo pamoja na Mifumo ya Kidijitali, na kozi moja ya uzamili inayosimama juu ya hisabati aliyonayo, kama michakato ya kubahatisha au ya sumakuumeme. Muhula wa pili anabaki na Elektroniki, na kozi mbili za uzamili. Akiingia mwaka wa pili hana deni lolote, na tayari ana kozi tatu za shahada yake. Angesubiri muhula wa kwanza ndipo aanze Sakiti I, Ishara na Mifumo ingesogea, na kozi za udhibiti na mawasiliano zingesogea pamoja nayo.

Usizidharau kozi hizi kwa kuwa ni za shahada ya kwanza. Zina mazoezi ya kila wiki, majaribio ya ghafla na ripoti za maabara, kazi ndogondogo zinazoibana wiki kuliko kozi ya uzamili yenye mradi mmoja mkubwa. Kwa hesabu ya kawaida ya vyuo vya Marekani, kozi ya krediti tatu ni saa tatu za darasani na sita nje yake, yaani tisa kwa wiki, na kwa aliyetoka fani nyingine ni busara kuweka kumi na mbili. Mbili za aina hiyo na moja ya uzamili zinatosha kwa muhula mmoja. Anayeweka tatu na mbili ili amalize haraka huwa anarudia mojawapo.

Jiandikishe siku ya kwanza dirisha linapofunguka. Mifumo mingi humzuia mwanafunzi wa uzamili kuingia kozi ya shahada ya kwanza mpaka idara itoe ruhusa maalumu, na madarasa yenye maabara hujaa upesi. Ruhusa hiyo iombe kabla dirisha halijafunguka.

Darasani, kaa na vijana wa shahada ya kwanza. Wao wanajua mhadhiri huyu anapenda mchoro wa nguvu uchorweje, maabara ile inataka ripoti ya namna gani, na wana lugha ya fani ambayo wewe bado hujaizoea. Wewe una ukomavu na huenda una hisabati zaidi yao, kwa hiyo mtafaana. Fanya mazoezi kwa mkono, kalamu na karatasi, hata yale yasiyosahihishwa. Uhandisi huingia kichwani kwa njia hiyo. Na uijue tarehe ya mwisho ya kuacha kozi. Ikiwa sharti lako ni B na mtihani wa katikati ya muhula umekuacha mbali nayo, nenda kwa mhadhiri wiki hiyohiyo mkapige hesabu ya kinachowezekana.

Hatua ya 7: Funga faili

Kufaulu hakufuti sharti kwenye mfumo. Lazima mtu alifute. Kwa kozi ulizosoma kwingine, omba nakala rasmi ya matokeo itumwe na chuo husika moja kwa moja, kisha mwandikie mratibu ukiorodhesha kila sharti na ushahidi wake. Omba barua inayosema masharti yote yametimizwa, na baada ya wiki mbili ingia kwenye akaunti yako uone kama kizuizi cha usajili kimeondoka. Wapo wanaogundua kizuizi hicho wakati wa kuomba kuhitimu, ilhali kozi yenyewe waliimaliza zamani.

Ukiona hutawahi tarehe, omba muda uongezwe kabla haijapita, ukieleza ulichomaliza, kilichobaki, na muhula kitakapofundishwa. Kamati hutazama sana kama kilichobaki kina tarehe.

Kwa anayelenga kusajiliwa kuwa mhandisi, liko jambo la kuulizia mapema. Kozi tangulizi hukufungulia uzamili. Hazigeuzi shahada yako ya kwanza kuwa ya uhandisi. Bodi za usajili katika nchi nyingi hutazama kama shahada ya kwanza ni ya uhandisi na kama ilithibitishwa na chombo kinachotambulika, kama ABET kule Marekani au vyombo vingine vilivyomo kwenye Mapatano ya Washington ya mwaka 1989, ya kutambuliana shahada za uhandisi kimataifa. Iandikie bodi ya nchi unayotaka kufanyia kazi, ueleze shahada zako zote mbili, na uulize watahitaji nini. Mara nyingi watataka mihtasari ya kozi, kwa hiyo hata hizi unazosoma sasa uzihifadhi zote, pamoja na namba za kozi, vitabu na saa za maabara, kabla akaunti yako ya chuo haijafungwa.